Neno la Wanoaji Mikasi

Barua za Wilfred Staniforth kwa tajiri wake zilikuwa zimelazwa ndani ya kabati la kioo, na mahali patatu zimebandikwa vipande vya karatasi nyeupe, kama uso wa mtu aliyejikata akinyoa ndevu. Binti yake, Enid, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, aliinama hadi pua ikagusa kioo. Mwandiko aliutambua. Vibandiko hakuvitambua.

"Nani kamziba baba yangu mdomo?" akauliza, na ukumbi mzima wa maonyesho ukasikia.

Msimamizi, Imogen Thwaite, alikuja mbio na kikombe cha chai mkononi.

"Bibi Staniforth, karibu sana. Ni neno moja tu. Jumatatu wanakuja watoto wa shule, na... unajua lenyewe lilivyo."

"Nalijua. Wewe ndiye hulijui."

Neno lenyewe lilikuwa "fanny-blower". Kwa wanoaji mikasi wa Sheffield, kama baba yake, ilikuwa feni tu: gurudumu la mapanga ndani ya sanduku la bati, likivuta vumbi la jiwe na chuma kabla halijaingia kifuani mwa mtu. Lakini nusu yake ya kwanza, kwa Waingereza wa leo, ni jina la mtaani la utupu wa mwanamke, na nusu ya pili ni mpulizaji. Litamke mbele ya wasioijua kazi ile, na hutamaliza sentensi kabla hawajaangua kicheko.

"Tumeandika maelezo pembeni," Imogen alisema kwa upole. "'Kifaa cha kuondolea vumbi.' Maana ni ile ile."

"Maana ni ile ile!" Enid aligonga fimbo sakafuni. "Baba yangu kafa na miaka arobaini na sita, hawezi kupanda ngazi ya kwenda kulala. Tajiri wake kaiacha feni imeharibika miaka miwili, wanaume saba wanakula vumbi mchana kutwa. Hilo halikumtia mtu haya. Hilo hamkulibandika karatasi. Haya zenu mmeziona kwenye neno! Fanny-blower! Fanny-blower! Haya, nimesema, paa limeanguka?"

Karibu na mlango mwanamume mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Imogen aliona haya kwa niaba ya Enid. "Nadhani hata mzee mwenyewe mwishowe aliliona tatizo," alisema. "Tazama hii barua ya nne. Haikuhitaji kubandikwa kitu."

Barua zile, nakala alizojiwekea baba, Enid alizitoa mwenyewe kwa maonyesho, zikiwa katika kopo la biskuti la marehemu mama yake, bila kuzisoma. Aliogopa. Sasa alisoma: *Bwana, naomba kwa mara ya nne ile mashine itengenezwe.* Oktoba 1959. Kando yake palikuwa na jibu la tajiri, mstari mmoja: *Taja ni mashine gani.*

Hakukuwa na barua ya tano.

Mwaka ule Enid alikuwa na miaka kumi na minne, msichana wa kwanza mtaani kwao kuchaguliwa kwenda shule moja ya kifahari ng'ambo ya mji, ambako wasichana waliongea kana kwamba kila neno limeletwa juu ya sahani. Mwalimu wake alikuja kwao kunywa chai. Baba, kwa furaha ya kuulizwa habari za kazi yake, alilitamka neno lile, na mwalimu akakodolea macho kikombe chake. Mgeni alipoondoka, Enid alimgeukia baba yake.

"Baba, usiliseme tena neno lile. Ni matusi. Unanitia aibu."

"Ni feni tu, mwanangu."

"Si feni. Ni matusi."

Hakulisema tena. Enid alidhani ameliacha nyumbani tu; kumbe hata kwa tajiri hakuliandika tena.

Hasira aliyokuja nayo haikupoa. Iligeuka, ikamtazama yeye. Alishika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

"Bibi, nikuletee kiti?"

"Sitaki kiti. Nataka vibandiko vitoke."

"Sina mamlaka hayo peke yangu. Kuna mzazi kashaandika malalamiko."

"Basi Jumatatu niachie hao watoto. Dakika kumi."

"Utawaambia nini?"

"Sijui bado."

Jumatatu walikuja ishirini na wanane, wamevaa sweta za buluu, wakasukumana mbele ya kioo. Enid alisimama bila fimbo. Alilisema neno, kwa lafudhi ya baba yake, ambayo haikuwa imepita kinywani mwake kwa miaka sitini na tano. Watoto walipasuka kwa kicheko. Mmoja alijitupa sakafuni. Mwalimu wao alifungua kinywa, Enid akamwinulia kiganja. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

Kisha akalisema tena, polepole. Safari hii walicheka wawili.

Akalisema mara ya tatu, na hakucheka mtu.