Zamu Tatu za Ndiva

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: watu watatu wanafungulia maji bwawa moja, wa kwanza kila siku ya nne, wa pili kila siku ya sita, wa tatu kila siku ya nane. Siku gani watagongana wote? Usikimbilie kuzidisha. Kuzidisha ndiko kulikomwangusha mkwe wangu Honorata.

Kwetu Vudee maji ya shamba yanatoka chemchemi ya juu, yanaingia kwenye ndiva, ndilo bwawa letu la mawe na udongo. Yanalala humo usiku kucha, asubuhi kizibo kinachomolewa, yanashuka kwa mfereji. Ndiva ikijaa inatosha vikundi viwili. Cha tatu kinakuta tope. Na anayelima juu ndiye anayetangulia. Shamba letu liko mkiani kabisa.

Mwaka ule vuli ilitukimbia. Ilikuwa miaka ya ruksa, sukari imejaa maduka ya Hedaru na mfukoni hamna kitu. Huko bondeni mashamba ya mkonge yalikuwa yakipunguza watu. Mwanangu Eliamini, aliyekuwa karani wa kupanga zamu za wakataji, akarudi na godoro na redio isiyo na betri. Shamba hakulikuta. Baba yake alikwisha kumpa Asheri, kitinda mimba wangu aliyebaki nasi mlimani, na Asheri naye tulishamzika. Anayelilima ni mjane wake, Honorata. Wazee wa ukoo walimwambia waziwazi: lima, mama, lakini msimu ukikushinda, shamba litarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo mahindi yale hayakuwa chakula tu. Ndiyo yaliyomweka pale, yeye na wanawe.

Zamu zilipangwa siku ya msaragambo, kijiji kizima tumo ndani ya ndiva tunazoa tope. Msimamizi wa maji, Mzee Majaliwa, alisimama ukingoni.

"Mboga za juu, kila siku ya nne. Maharage ya katikati, ya sita. Mahindi ya chini, ya nane. Mahindi yana uvumilivu, sio kama wenye nayo."

Watu wakacheka. Honorata hakucheka.

"Na siku tukiangukia pamoja wote watatu, Mzee? Mimi ndiye nitakayelamba mfereji."

"Siku hiyo utangulie wewe, wa mboga wangoje kesho yake. Mnasemaje?"

"Kabichi zangu zikinyauka," akadakia Ernesta, mkulima wa juu, "lori la Hedaru nitalipakia maneno ya Honorata?"

Manung'uniko yakaanza. Ndipo Eliamini akachomeka koleo lake kwenye tope, akasema kwa upole, "Ya nini kugombana? Nne mara sita, ishirini na nne. Mara nane, mia moja tisini na mbili. Mpaka siku hizo zitimie, shemeji utakuwa umeshakula makande na kusahau."

"Karani kasema!" wakaitikia. Namna hiyo ndiyo wengi wetu tulivyotoka nayo shule: namba ukiziona kundi, zizidishe. Honorata akamtazama shemeji yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Kama ndivyo, sina neno."

Sharti la Mzee Majaliwa likaachwa palepale.

Zamu ya kwanza Honorata alinywesha. Ya pili pia. Alikutana na watu wa mboga, maji yakatosha. Ilipofika ya tatu mahindi yalikuwa yanachomoza ndevu, na hapo hindi halitaki mzaha. Tulidamka na majembe, tukafungua vijaruba, tukangoja. Jua likapanda. Kikaja kijimkondo kama mkia wa panya, kikanywewa na udongo kabla ya mstari wa kwanza. Honorata akapanda mbio hadi kwenye ndiva. Mboga walikuwa wamefungua, maharage wamefungua, vyura wamekaa juu ya tope.

"Wa juu kwanza," Ernesta akamwambia. "Ungeling'ang'ania sharti lako siku ile."

Mpaka zamu nyingine ifike, majani yalikuwa yamejikunja kama sigara. Tulichovunja ni magunzi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa wamisionari. Jioni moja nilikaa kizingitini nikipanga maharage: mstari wa nne, mstari wa sita, mstari wa nane. Mwalimu wetu alikiita kigawe kidogo cha shirika. Nane ni mbili mara mbili mara mbili. Nne imeshakaa humo ndani, haidai kitu. Sita nayo mbili yake imo, inadai tatu tu. Nane mara tatu, ishirini na nne. Siku ileile ya vyura. Honorata alikuwa amechuchumaa kando yangu, ananifuatisha kwa kidole.

Eliamini akaingia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone, baba."

Akatazama mistari. Hakuuliza ni ya nini.

"Hesabu za watoto hizo, mama."

"Ndiyo. Kule mkonge ulipanga vikundi vingapi visigongane kwenye toroli moja? Miaka yote hiyo ulikuwa unazidisha tu?"

Honorata akainuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, mtu hukosea. Kesho wazee wa ukoo wanakaa. Twende wote, useme hesabu ilikuponyoka, watanivumilia msimu mmoja. Neno moja tu. Sitakudai lingine."

Eliamini alizisukuma punje zile za maharage kwa ncha ya kiatu, pole pole, mpaka mistari yote mitatu ikachanganyika.

"Haikuniponyoka," akasema. "Nilijua siku hata kabla Mzee hajamaliza kusema. Nilikuwa nataka uondoke, Honorata. Nalitaka shamba."