Karatasi Iliyovunjika Mguu

Watu hutamka "kibarua" bila kufikiri. Kibarua ni kazi ya siku, kibarua ni mtu anayeifanya, na kibarua kikiota nyasi, basi umefukuzwa. Mimi nimesukuma matoroli katika miji mingi, na shule nimeisoma vipande vipande, lakini asili ya neno hilo naijua kwa mwili wangu. Mwanzo wake ni barua. Barua ndogo tu, kikaratasi anachopewa mtu asubuhi kuonyesha kwamba leo yumo kazini. Jina la karatasi likamhamia mtu, naye akalibeba mpaka leo.

Kwenye ghala la saruji nilikofanya kazi miaka mitatu, karatasi ndiyo ilikuwa mtu hasa. Kila asubuhi karani alitoa vikaratasi arobaini langoni, kila kimoja na jina lake. Sura hakuziangalia. Kwa hiyo tuliazimana: mwenye homa anampa ndugu yake kikaratasi, ndugu anabeba mifuko kwa jina lisilo lake. Nyapara alijua akanyamaza, mradi mifuko inatembea.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa amefutwa kwenye orodha kwa kumjibu nyapara. Wiki ya tatu yuko nyumbani anahesabu mbavu za dari. Siku hiyo mimi nikaamka na homa. Nikajikokota hadi langoni, nikachukua kikaratasi, nikampa shemeji aliyekuwa akinisubiri nyuma ya ukuta.

"Leo wewe ndiye mimi."

"Kwa sura hii yako?" akacheka. "Heri ungeniazima ya nyapara, nikalala kutwa."

Nilikuwa bado nimejilaza pale kwenye kivuli cha ukuta niliposikia rundo la mifuko likiporomoka, kisha makelele. Nikakimbilia ndani. Walikuwa wamemfukua shemeji kwenye mifuko, mguu wa kulia umepondeka kuanzia gotini, damu na saruji vimekuwa tope. Wakambeba hadi zahanati ya ghala, palepale uani. Karani alisimama mlangoni na kile kikaratasi, akasoma jina langu kwa sauti.

"Aliyeumia ndiye huyu?"

Wabebaji wenzangu wakanitazama, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyekuwa hajui sheria: asiye na kikaratasi ni mvamizi, na zahanati haimgusi mvamizi. Hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima. Damu ile isingengoja saa nzima.

"Ndiye," nikasema.

"Na wewe nani?"

Miaka mitatu mtu huyo ananikabidhi karatasi mkononi!

"Shemeji yake."

"Ingia umshike, basi. Usisimame kama mlingoti."

Nikamshika mabega. Mganga akamwita kwa jina langu, naye, meno yakigongana, akaitikia. Damu ilizuiwa. Mguu ulikatwa kesho yake.

Dada yangu alinishika mikono akasema, "Umeniokolea mume, kaka." Akaniachia mikono. "Lakini ungekwenda mwenyewe siku ile..."

Homa ilipokwisha nikapanga foleni langoni. Karani akateremsha kidole kwenye orodha, akasimama kwenye jina langu. Lilikuwa limepigwa mstari mwekundu.

"Huyu amekatwa mguu. Hatuchukui vilema."

"Bwana karani, huyo ni mimi. Nitazame."

Kwa mara ya kwanza akanitazama, akanitazama sana.

"Wewe si ulisema mwenyewe ni shemeji yake? Mbele ya watu wote?"

Nikamgeukia nyapara. Yeye alinijua kwa jina, kwa sauti, hata kwa kikohozi. Kama angesema neno moja tu, angelazimika kueleza pia jinsi tulivyokuwa tukiazimana chini ya pua yake.

"Shemeji," akaniambia kwa upole kabisa, "mpe pole mgonjwa."

Foleni ikanisukuma pembeni. Watu arobaini wakaingia, lango likafungwa. Nilikuwa na miguu miwili mizima, nikaitumia kuondoka katika mji ule.