Siku Gari Liliponyamaza

Spana namba kumi na nne ilipatikana ndani ya debe la unga.

Mke wa Fundi Mizani ndiye aliyeichota, akiwa na nia njema kabisa ya kupika. Kikombe kiliingia kwenye unga, kikatoka na chuma. Jikoni pakawa kimya kana kwamba amechota nyoka. Mama yake, aliyeketi kwenye kigoda, alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Binti yao wa mwisho, aliyekuwa akimenya vitunguu, aliamua ghafla kwamba kitunguu alichoshika kinahitaji uangalifu wa hali ya juu.

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli lake la buluu. Spana hiyo alikuwa ameitafuta tangu alipoamka: chini ya kitanda, ndani ya viatu, hata nyuma ya redio mbovu.

"Imefikaje humo?" aliuliza.

"Yaani hata mimi nimeduwaa, Baba Watoto," alisema mkewe, na macho yake yalikuwa makubwa kweli.

"Labda panya," alisema binti.

"Panya gani abebe spana?"

"Wa siku hizi wameshindikana, baba."

Fundi aliitazama spana, akawatazama watu wake mmoja mmoja, akaupuliza unga. Hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mtu wa kutengeneza mizani za wenye maduka, kazi inayotaka uso uliotulia, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko hata mizani zenyewe. Zamani, akiwa bado kijana, aliwahi kucheka dukani kwa mteja, mteja akadhani anaibiwa na kumtoa nje na vifaa vyake. Tangu siku hiyo kicheko alikikunja vizuri na kukiweka mbali, kama suti ya harusi. Kila alipoingia nyumbani alikuta mambo sawasawa na uso wake: mke anafagia, binti anasoma, mama mkwe kajiinamia pembeni akiugulia miguu, kimya. Alijiona mwenye bahati kuwa na nyumba yenye utulivu.

Tatizo lilikuwa gari.

Lilikuwa gari kuukuu, refu kwa nyuma, la kubebea mizani, na lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Likiwashwa, vioo vilicheza, viti vilicheza, na dereva naye alicheza, bila hiari. Fundi akiwa bado kwenye kona ya kinyozi, sufuria zilizokuwa kabatini kwake zilikwisha kuanza kugongana. Mizani aliyoisawazisha mezani kwa ustadi wote ilifika dukani imepagawa.

"Fundi," mwenye bucha alimwambia juzi, akimwonyesha mshale, "sahani tupu, halafu mizani yako inasema kuna nyama. Nimuuzie nani hewa hii? Ukiniletea tena hivi, nitatafuta fundi mwingine. Usinilaumu."

Mwenye bucha alikuwa mteja wake mkubwa, na domo lake lilifika sokoni kote. Fundi alirudi nyumbani, akafungua boneti, akamulika kwa tochi. Raba za injini zilikuwa zimekwisha. Zile raba nene zinazoikalisha injini kwenye fremu, zinazomeza mtikisiko usifike kwa watu, zilikuwa zimepasuka na kulowa mafuta, laini kama mkate uliodondokea kwenye chai. Injini ilikuwa haijakaa popote. Ilikuwa inaning'inia kwa ubishi tu.

Jana yake, wakati wa kula, alikuwa ametangaza kwamba atazibadilisha mwenyewe, hapo hapo uani. Alitegemea pongezi. Badala yake vijiko vilisimama hewani.

"Gari limezoea hivyo," alisema mkewe. "Utaliumiza."

"Baba," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu kama alivyoiangalia siku zote mbele ya mkwewe, "ule mtetemo unanisaidia mgongo." Mara ya mwisho kupanda gari lile ilikuwa siku alipohamia kwao.

"Na majirani je?" alidakia binti. "Mtaa mzima unajua saa kwa gari lako, baba. Utawapoteza watu."

Fundi aliguswa. Hakujua kwamba wanalipenda gari lake kiasi hicho.

Basi, spana ikiwa imerudi mkononi na unga wake, alianza kazi. Aliweka jeki chini ya injini, na kati ya jeki na chuma akaweka kipande cha ubao, maana injini haibebwi kwa ncha ya chuma kama gunia la viazi. Akaipandisha kidogo tu, hadi uzito ulipohama kutoka kwenye raba. Nati ya kwanza ilikuwa imeshikana kwa kutu. Aliimwagia mafuta ya taa, akaisubiri, akaisemesha. Ilipokubali ilitoa mlio mkali, na ndani ya nyumba mtu akasema, "Mungu wangu, anaweza kweli."

Raba ya zamani ilitoka vipande viwili, chuma huku na mpira kule. Mpya aliipachika, akaziingiza bolti kwa vidole bila kuzikaza, kwa sababu bolti moja ikikazwa mapema, tundu la pili hukataa kukutana na mwenzake. Tundu la mwisho lilikataa hata hivyo. Akachomeka bisibisi ndefu, akaisukuma injini kwa upole kama anavyosogezwa mtu aliyelala, mpaka matundu yakaangaliana. Akateremsha jeki, injini ikakaa kwa uzito wake wote, ndipo akakaza.

Akanawa. Akavua ovaroli, akaliangika kwenye msumari wa jikoni, akavaa shati safi. Akaweka mizani ya mwenye bucha juu ya boneti kwa majaribio, akaingia garini na kuzungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena, na gari likapiga ukelele wa kusaga vyuma, khee-khee-khee, uliowarusha kuku wa jirani. Fundi aliganda. Ndipo alipoelewa: gari lilikuwa limekwisha kuwaka tangu mara ya kwanza. Alikuwa amemwamsha aliyekwisha kuamka.

Akashuka polepole, kama mtu anayemkaribia mnyama. Mshale wa mizani juu ya boneti ulikuwa umesimama kwenye sifuri, haupepesuki. Fundi aliutazama mpaka macho yakamlowa, akasingizia mafuta ya taa.

Kwa mwenye bucha alipokelewa na panga.

"We!" Mwenye bucha aliliteremsha panga, mkono mwingine kifuani. "Umetokea wapi? Mbona sikukusikia?"

"Nimekuja na gari."

"Gari lipi?" Alichungulia nje, akaliona, akaguna kwa mshangao. Akaweka mizani mezani, akaweka jiwe la kilo. Kilo. Akaondoa. Sifuri. Akarudia, kwa matumaini ya kugombana, lakini wapi. "Fundi," alisema hatimaye, "hapa sina neno. Lakini piga honi siku nyingine. Utaua mtu."

Alirudi nyumbani akiteleza. Na njiani, kwa mara ya kwanza, aliukuta mtaa haujajiandaa. Seremala jirani, yule aliyeapa kwamba hajui ngazi ya Fundi ilikopotelea, alikuwa juu ya ngazi hiyo hiyo, anapaka rangi. Walitazamana. Brashi ikadondoka.

"Nilikuwa naijaribu kama ni nzima," alisema seremala kutoka juu.

Fundi aliendelea hadi kwake, akazima gari, na gari likazimika kama mshumaa. Ndipo alipousikia mshindo.

Ulitoka ndani ya nyumba yake. Ulikuwa mshindo wa watu wanaocheka kwa tumbo, na mtu anayepiga sufuria. Kwanza aliangalia mlango, asije akawa amekosea. Ulikuwa wa kwake. Alivua viatu bila kujua kwa nini, akanyata, akasimama kwenye kizingiti.

Katikati ya sebule alisimama yeye mwenyewe.

Yaani, lilisimama ovaroli lake, na ndani ya ovaroli alikuwamo mama mkwe. Mama mkwe! Mwanamke ambaye hajawahi kumwangalia usoni tangu siku ya posa, ambaye miguu yake, kwa maelezo ya kila siku, haikufaa hata kuendea kisima. Suruali ameikunja, spana namba kumi na nne mkononi, shingo ameinyoosha, uso ameukausha. Alitembea chumba kizima akiburuta mguu mmoja, akasimama mbele ya chungu, akakitazama kwa huzuni ya kitaalamu.

"Chungu hiki," alisema kwa sauti nzito, "hakijakaa sawa."

Mkewe alikuwa chini sakafuni, analia kwa kicheko. Binti alipiga sufuria.

"Mabibi na mabwana, Bwana Sifuri!"

"Bwana Sifuri," aliendelea bibi kizee, akizungusha spana hewani, "nimeitafuta spana yangu hadi ndani ya redio. Je, imo ndani ya mke wangu? Fungua mdomo, Mama Watoto."

Damu ilimpanda Fundi hadi masikioni, kisha ikashuka yote. Bwana Sifuri. Kwa hiyo alikuwa na jina. Kwa hiyo vijiko vilivyosimama hewani, mgongo unaosaidiwa na mtetemo, unga wenye spana: hawakuwa wakilipenda gari. Walikuwa wakiusikiliza mlio wake tangu kona ya kinyozi, ili kila mmoja apate muda wa kuuvaa uso wa kumpokelea. Nyumba yenye utulivu, aliyojivunia miaka yote, ilikuwa ikianza dakika moja kabla yake na kwisha akitoka.

Alitaka kurudi nje. Alitaka kupiga honi na kuingia upya, amkute kila mtu mahali pake. Alikwisha kugeuza mguu.

Hapo mama mkwe akakipandisha kile chungu kwa jeki ya kuwaziwa, akachuchumaa, akaisemesha nati yake taratibu, kwa upole, "haya mama, haya, njoo," sawasawa kabisa, neno kwa neno, kama alivyoisemesha yeye asubuhi akidhani yuko peke yake. Na kitu kikamponyoka Fundi. Kilitoka mahali pa mbali, kikavu, kimepata kutu.

"Khee-khee-khee!"

"Gari!" alipiga kelele binti. "Baba huyo!"

Nyumba ikapasuka. Mkewe aliruka na kunyakua ufagio, akaanza kufagia zulia kinyume. Binti alikamata kitabu juu chini. Mama mkwe alipambana na ovaroli, mkono mmoja ukatoka, wa pili ukakwama, akazunguka mara mbili kama kuku aliyenasa kwenye mfuko.

Kisha wakasikiliza. Sufuria kabatini zilikuwa kimya. Hakuna kilichokuwa kikigongana.

Binti ndiye aliyegeuka kwanza, akamwona mlangoni, peku, viatu mkononi. Ufagio ukasimama. Mama mkwe akaganda na nusu ya mkwewe mwilini.

"Ni... ni wewe uliyelia hivyo?" aliuliza mkewe. Miaka yote ile, hakuwahi kuisikia sauti hiyo.

Fundi alimtazama mama mkwe, na mama mkwe, kwa kukosa mkono wa kuvutia mtandio, alimtazama yeye. Macho yake yalikuwa ya kahawia. Fundi hakuwa akijua.

"Wa kushoto, mama," alisema hatimaye, kwa sauti iliyotetemeka kuliko gari lilivyowahi kutetemeka.

"Nini, baba?"

"Mguu. Mimi huburuta wa kushoto. Wewe umeburuta wa kulia."

Nje, injini ilikuwa inapoa, tik, tik, kwenye raba zake mpya. Mama mkwe aliuangalia mguu wa kulia, akauangalia wa kushoto. Kisha, polepole, mkono wa ovaroli ukining'inia tupu ubavuni, spana bado kaishika, akauvuta ule wa kushoto sakafuni, hatua moja, na kuinua macho kuona kama amepatia.