Vifuko kwenye Mrija

Kichupa cha mkojo kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifuniko. Hiribae alikificha kiganjani ili wanawake waliokaa kwenye benchi la zahanati wasikione.

Kwao Kulesa, kando ya mto, damu hiyo haikuwahi kumtisha mtu. Mvulana wa mashamba ya mpunga akikojoa nyekundu, wajomba walicheka wakasema sasa ni mwanamume. Hiribae naye alicheka miaka miwili, na miaka hamsini na minane si umri wa kubalehe. Alijiona mjinga, na aliona haya.

Mkewe Hawa alichoka kumwambia mficha uchi hazai, akamkokota mpaka Mombasa. Huko walimdunga dawa mshipani, wakampiga picha, na Daktari Kadra akamwonyesha mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Ulikuwa umetoka vifuko vidogo, kama punje za mpunga.

“Vyenyewe si saratani, baba,” alisema. “Lakini wengi walio navyo huja kukutwa nayo. Usikae. Rudi baada ya miezi mitatu, na barua ya rufaa kutoka zahanati yenu.”

Huu ulikuwa mwezi wa tisa tangu siku hiyo, na barua haijaandikwa.

Nzai, msimamizi wa zahanati, aliipitia ripoti ya Mombasa akiwa amesimama, akamrudishia.

“Watoka Kulesa?”

“Kulesa, daktari.” Nzai hakuwa daktari, ila hakuitikia jina jingine.

“Basi ni kichocho. Mtu wa mtoni akikojoa damu, sisi twaandika kichocho.”

“Dawa ya kichocho nimemeza mara nne. Kule wamesema ni vifuko.”

“Kwenye fomu hii kuna mahali pa vifuko? Nionyeshe.”

Hiribae aliitazama fomu. Hapakuwapo.

“Niandikie barua tu, daktari. Naogopa.”

“Barua hutoka dawa ikishindwa. Na hizo ulimezea nyumbani, nitajuaje? Leo utameza mbele yangu. Simama pale.”

Ukutani kuliegemezwa ufito wa kupimia wanafunzi, wenye alama za rangi: mrefu humeza vidonge vingi, mfupi vichache. Mara zote nne Hiribae alikuwa mrefu wa kumeza vitano. Alijibanza hapo. Uchungu wa ubavuni ukamkunja.

“Wima, mzee.”

Alijaribu. Jasho likamtoka, mgongo ukakataa. Nzai alisoma alama iliyogusa utosi wake, akahesabu vidonge vinne.

“Umefupika,” alisema, na kile cha tano akakirudisha mkebeni.