Siku Mama Aliposhuka na Wageni

Boti ya asubuhi ilifunga gatini kwa kuchelewa, kama kawaida yake, na karani wa utepe alikuwa bado anamalizia chai. Kazi yake ni nyepesi: kila anayeshuka ngazi ya boti hufungwa utepe wa buluu mkononi, na mwenye utepe ni mgeni, na mgeni hupita kila mlango wa kisiwa kile. Walishuka bwana na bibi waliovaa kofia za kufanana, akashuka mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha hata kamba za boti, kisha akashuka Bi Pasi, aliyefariki mwaka juzi. Karani akamfunga utepe, akakaza fundo, akamwambia karibu sana.

Binti wa Bi Pasi alikuwa amesimama mwisho wa gati akiwasubiri wageni wake. Mji mzima ulimwita Tarumbeta, kwa kuwa akisema bandarini husikika sokoni, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya kutembeza watu. Siku ile ilitoka ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Kazi, mama. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kutembea. Na usinipitishe njia za mkato, nataka matembezi kamili kama wenzangu."

Tarumbeta alitaka kumkumbatia, akamkumbatia. Mama alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa sasa hivi, na alinukia sabuni. Bwana wa kofia aliuliza kama mama yule naye yuko kwenye kundi lao. Alipojibiwa ndiyo, alisogeza mkoba wake ampishe.

Ieleweke kwamba Bi Pasi alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ya ufukweni tangu usichana wake mpaka moyo ulipogoma. Aliingilia mlango wa nyuma, akatokea mlango wa nyuma. Ufukwe wenyewe, ambao picha yake imebandikwa hata kwenye viberiti, hakuwahi kuukanyaga. Hoteli ilikabidhiwa ufukwe ule zamani za wazazi wake, na wenyeji hawaruhusiwi. Kwingine kote kisiwa kimezungukwa na majabali ya kuchana miguu, au na bandari yenye mafuta machafu. Kwa hiyo watu wa mji ule wanaishi katikati ya bahari na hawajui kuogelea, na wamekwisha kuzoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakufika pale.

Walianza na mnara wa taa. Enzi za uhai wake, magoti ya Bi Pasi yalikataa hata ngazi za barazani. Sasa alipanda mbele ya wote, akiwasubiri kwenye kila kona na kuwaambia pole. Kule juu Tarumbeta alitoa maelezo yake: nani aliujenga mnara, meli gani ilipotea kabla haujawashwa, upepo wa upande upi huleta mvua. Mama yake alisikiliza amefumbata mikono, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kumbe unajua mambo mengi hivi," akasema. "Na mimi kila siku nilikuwa nakwambia nyamaza."

Tarumbeta akageuka kutazama bahari mpaka macho yalipokauka. Alipogeuka tena, Bi Pasi alikuwa ameegemea ukingo, akionyesha kwa kidole ule mstari mweupe wa mchanga nyuma ya uzio wa hoteli.

"Hapo ndipo paliponileta. Nataka kuingia majini, mwanangu. Na nataka tuingie wote wawili."

"Tutaona, mama," akasema Tarumbeta, ambaye alikuwa ameona tayari.

Sokoni walikula samaki wa kukaanga. Muuza samaki alimpa Bi Pasi pole ya safari, akampakulia kipande kinono. Bi Pasi alionja, akamsogelea na kumnong'oneza kwamba mafuta yale yamechoka, ayapumzishe. Muuza samaki akacheka, akamwaga, akaanza upya. Bi Pasi alikula mpaka miba ikabaki safi kwenye sahani, kisha akala nanasi, kisha barafu ya nazi, akalamba vidole kimoja kimoja. Alisema huko aliko chakula kipo cha kutosha, ila hakina chumvi. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mzee wa picha akampiga picha iliyotoka vizuri.

Mlinzi wa lango la ufukwe aliitwa Komeo. Alikuwa mtoto wa jirani. Mama yake alipougua, Bi Pasi alimchukua, akamlisha, akamlaza kitanda kimoja na Tarumbeta, na kila usiku walinyang'anyana shuka. Alipomwona anakuja alivua kofia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe umenenepa, inapendeza."

Komeo akautazama utepe. Ulikuwa sawa. Akafungua lango, bwana na bibi wakapita, mzee wa picha akapita, naye Bi Pasi akaingia akiwa amemshika binti yake mkono. Komeo akashusha mkono wake katikati yao, taratibu.

"Wewe ubaki, dada."

"Leo tu, Komeo. Niko na mama."

"Sheria ni msumeno, dada. Wenyeji mwisho hapa."

"Kwani mama kazaliwa wapi? Si hapa hapa?"

"Alizaliwa hapa, lakini kahama. Wewe bado upo."

Alisema hayo huku machozi yanamdondokea kifuani, maana alimpenda Bi Pasi sana. Mkono haukutoka. Bi Pasi akajaribu kuuvua utepe ampe binti yake, akavuta kwa meno, lakini karani wa gatini hafungi mafundo ya kufunguka.

"Basi tugeuze," akasema. "Siingii peke yangu."

"Mama, ingia. Umetoka mbali." Tarumbeta akamwachia vidole. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Bi Pasi akaenda. Alivua viatu, akaviweka pamoja. Wimbi la kwanza lilipomgusa vidole alicheka, na kwenye uzio wakamsikia; ndipo ikajulikana sauti ya Tarumbeta imetoka wapi. Aliingia mpaka kiunoni, mpaka mabegani, kisha akalala juu ya maji bila kufundishwa na mtu, kwa ule wepesi wake. Alipotoka, mhudumu alimletea taulo, naye kabla ya kujifuta alikagua upindo wa taulo.

"Dada, sogea nyuma kidogo," Komeo akasema. "Wageni hawapendi kutazamwa."

"Macho hayana pazia."

"Najua. Kidogo tu."

Akasogea, akawa juani. Komeo aling'oa mwavuli wake akausimika upande ule, yeye mwenyewe akabaki kuungua.

Mama alirudi nywele zikichuruzika, akaketi nao nje ya lango.

"Niambie," akasema Tarumbeta.

"Juu ni vuguvugu, miguuni baridi. Ukisimama, mchanga unakutoroka chini ya nyayo, unadhani unaanguka, kumbe huanguki. Na chumvi inauma hapa." Akaonyesha nyufa za vidoleni, zilizofunguliwa na sabuni, ambazo hata kifo hakikuzifunga.

Tarumbeta alikuwa amewasimulia wageni ufukwe ule kwa miaka, maneno yote ya kukariri. Sasa alisikiliza mdomo wazi, akauliza kama mawimbi yanasukuma au yanavuta, akajibiwa yote mawili. Komeo naye akasogeza kiti chake, kwa sababu alikuwa ameilinda miaka yote bahari ile kwa kuipa mgongo. Alitaka kujua kama kuna samaki. Wapo, wadogo, wanakuja kukuuliza habari za nyumbani.

Boti ikapiga honi. Gatini karani akaukata utepe kwa mkasi, akautupa kwenye kapu pamoja na nyingine.

"Utarudi lini, mama?"

"Siku utakayoshuka na wewe. Tutaingia pamoja, hakuna atakayekushika mkono." Akamtengeneza kola ya shati. "Ila usiwe na haraka, nakuomba. Kula, unenepe. Mimi sina pa kwenda."

"Sawa, mama."

Kesho yake Tarumbeta alipokea kundi jingine, akalipandisha mnarani, akalilisha samaki, akalifikisha langoni. Aliwaambia juu ni vuguvugu, miguuni baridi, na wakihisi wanaanguka wasiogope, hawaanguki. Msichana mmoja mwenye utepe alimuuliza kama yeye haingii.

"Zamu yangu bado," akasema, na Komeo akafunga lango.