Padri Aliyeshindikana wa Zagayu

Sylvester alitolewa kwa Mungu kabla hajazaliwa, na hakuna aliyemuuliza. Mama yake, Milembe, alishikwa na uchungu katikati ya shamba la pamba kule Zagayu, mkunga yuko mbali, akapiga kelele: "Mungu, nitoe salama hapa, na akiwa wa kiume nakupa awe padri!" Mungu akamtoa salama. Kama aliyakubali na yale mengine, hakusema.

Kijana akapelekwa seminari. Mara ya kwanza alirudishwa nyumbani kwa kuuliza iwapo Lazaro, baada ya kufufuliwa, alirudishiwa mali yake iliyokwisha kurithiwa. Akaombewa msamaha, akapokewa tena. Mara ya pili alikoroma wakati wa kuabudu mpaka wenzake wakadhani jenereta limewashwa. Gombera, mkuu wa seminari, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, Mungu anakuita, lakini si upande huu."

Akarudi kushika jembe. Milembe hakutikisika. Sokoni bado alimtambulisha hivi: "Huyu ni padri wangu, yuko likizo." Likizo ilikuwa imeingia mwaka wa tatu.

Parokia ilipoandaa semina ya wito mjini Bariadi, Sylvester alikwenda. Mwezeshaji, mama mmoja nadhifu aliyeitwa Georgina, akawaambia vijana wafumbe macho, watafute kitu kinachowachoma moyo. Sylvester akafumba. Kilichomchoma ni kiungulia cha maharage ya mchana. Wenzake walipoondoka aliingia kanisani, akapiga magoti. "Bwana, kama umenipangia kitu, sema. Kama hukunipangia, sema pia, nijue moja."

Akasubiri mpaka magoti yakamuuma.

Aliyesema ni paroko, Padri Laurean, Mhaya mwenye haraka. Alikuwa amechoka kuona watu wanajaa kanisani halafu wachache tu ndio wanaokomunika, kwa kuwa wengine wanaishi pamoja bila ndoa. Alimkuta Sylvester pale pale.

"Wewe huna kazi. Nenda Migato kwa Mzee Kija. Katekista ameshindwa, na mimi nimefukuzwa na mbwa."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Anatoli alipopeleka ng'ombe wa mahari ya Nyanjige, binti wa Mzee Kija, ng'ombe mmoja mwekundu alimpiga mzee teke, mzee akaanguka akakalia mavi mabichi mbele ya wakwe. Anatoli akacheka. Mwenyewe anasema alikohoa. Mzee akafukuza watu na ng'ombe wao, akaapa kwamba hakuna harusi mpaka aombwe radhi. Anatoli naye akaapa hataomba radhi kwa kikohozi. Nyanjige akamfuata mwanaume hivyo hivyo. Sasa walikuwa na watoto wanne.

Sylvester akafika Migato mchana, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila. Na wewe umeleta zaburi ya ngapi?"

"Sina zaburi. Nataka kusikia habari za lile teke."

Mzee Kija akamtazama. Miaka yote hiyo watu walikuja kumhubiria; hakuna aliyetaka kusikia. Akasimulia. Akasimama, akaigiza wakwe, kisha akamwigiza na ng'ombe. Sylvester alisahau hata njaa. Alipoulizwa Anatoli anasemaje, ulimi ukamponyoka: "Analia, baba. Akiona tu ng'ombe mwekundu, analia."

Alipofika kwa Anatoli ukamponyoka tena: "Mkweo anakusifu. Anasema jembe unaliweza."

Akaenda na kurudi kati ya nyumba hizo mbili, njiani akiimba. Wote wakakubali kukutana kwa Mzee Kija. Hapo dhamiri ikaanza kumkereketa, akaenda kuungama.

"Uongo mmoja?" akauliza Padri Laurean.

"Miwili, Padri. Na mwingine mdogo kuhusu mbuzi."

"Yakobo alidanganya akawa taifa. Lakini wewe si Yakobo. Sali rozari, kisha kawaambie ukweli kabla hawajafungua midomo."

Lakini Mzee Kija ndiye aliyewahi kufungua mdomo. Wageni hawajaketi vizuri, akasema, "Anatoli, basi, usilie tena. Mwanaume mzima."

"Nani analia? Si wewe unayenisifu?"

Wote wakamgeukia Sylvester. Mzee akaanza kutafuta fimbo yake.

"Nimewadanganya," Sylvester akasema. "Hakuna aliyelia."

"Mimi nimelia."

Alikuwa Nyanjige, amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Nimezaa mara nne bila mama yangu kuja kunikanda maji. Jumapili wenzangu wanapanga mstari, mimi nabaki kwenye benchi kama mzigo. Na nyie mnabishana kuhusu matako ya baba!"

Sylvester aliona haya. Alikuwa amekula ugali katika nyumba zote mbili, lakini hakuwahi kumuuliza huyu hata neno. "Dada," akasema, "wewe unataka nini?"

"Nataka aseme alicheka. Alicheka, nilimwona. Na mimi nilicheka, baba. Nisamehe."

Anatoli akamgeukia mzee. "Nilicheka, baba. Nisamehe."

Mzee Kija akashusha pumzi. "Yule ng'ombe yuko wapi?"

"Tulimla Krismasi."

"Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu sana, baba."

"Kumbe!" akasema mzee, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe ndiye aliyeangua kicheko kwanza, huku machozi yakimtoka, akienda kumpokea mjukuu. Sylvester naye akalia bila kujificha. *Heri wapatanishi*: alilisoma neno hilo seminari mara nyingi, akidhani linawahusu watu wa Umoja wa Mataifa.

Siku ya harusi Nyanjige alipokea komunyo, akarudi mahali pake ameinamisha kichwa. Milembe hakuimba. Nje akamwambia mwanawe, "Mimi nilimwahidi Mungu padri."

"Mayu, uliahidi kisicho chako. Ungeahidi mbuzi."

Milembe akaenda kumshtaki kwa Padri Laurean, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, nadhiri yako nitakusaidia kuifungua, hilo lina utaratibu wake. Lakini Mungu hajalalamika. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Milembe alinyamaza siku kadhaa, majirani wakamshukuru Mungu. Kisha akaja mwanamke kutoka Kalemela, Apolonia, akimtafuta kijana anayepatanisha watu. Hakuwa ameongea na dada yake tangu msiba wa baba yao. Sylvester alikuwa anaoga uani. Kabla hajamaliza kujifuta, akamsikia mama yake akivuta kigoda.

"Kunywa uji kwanza, anakuja. Haya, niambie mimi: nani alianza kumtukana mwenzake?"