Ngao za Kondo

Pikipiki ya Hilal ilikuwa ya cc 250, ya lami na ya vumbi, na kila mwezi aliiongezea kitu. Wiki ile aliifungia ngao za chuma za kukinga injini, alizozinunua, zikiwa zimeshatumika, kwenye gereji moja Chang'ombe. Hakuuliza zilikotoka.

Sokoni Tandale, bodaboda aitwaye Kondo aliinama akazitazama.

"Hizi nimezichomelea mie mwenyewe. Braza, pikipiki yangu umeipeleka wapi?"

"Nimenunua ngao tu, kaka. Hii ina kadi."

"Mwizi huyo!" Kondo akapaza sauti.

Watu walifika kabla Hilal hajashuka. Ngumi ikamvunja pua, ubao ukampasua kichwa, akaanguka chini ya mateke. Mwanamume mmoja alileta chupa ya petroli.

"Someni namba ya chasisi!" Hilal alipiga kelele, damu imemjaa mdomoni. "Ipo shingoni, chini ya usukani!"

Muuza nyanya, Zubeda, alichomoa kadi mfukoni mwa Hilal akaisoma tarakimu moja moja, huku Kondo akifuata kwa kidole kwenye chuma. Zote zililingana.

"Siyo yangu," Kondo alisema.

"Na ngao?" aliuliza mwenye chupa, kifuniko kimeshafunguka. "Si ulisema zako?"

Kondo aliigusa ile alama nene ya kuchomelea, akamtazama Hilal pale chini.

"Nimezifananisha."

Mwenye chupa alisonya, akafunga kifuniko. Hilal akatema jino.